Ile R kwenye kaburi la Kirk: nani anaamua kipi kinahesabika?

Mwaka 1966, kwenye moja ya episodi za mwanzo kabisa za Star Trek, sirizi ya tivii ya Kimarekani ya safari za anga, kuna jamaa anaitwa Gary Mitchell, rafiki wa siku nyingi wa Kapteni Kirk, mkuu wa meli ya anga, amepata nguvu za ajabu mpaka macho yakageuka rangi ya fedha na akaanza kujiona mungu. Wakiwa kwenye sayari moja kame anamchimbia Kirk kaburi kwa akili tu, hashiki jembe wala nini, afu anasimamisha na jiwe kabisa. Maandishi ya kwenye jiwe yanasomeka vizuri tu: James R. Kirk.

R. R kama redio.

Sasa mtu yeyote anayeijua Star Trek hata kwa kuokoteza anajua jina la kati la Kirk ni Tiberius, na Tiberius haianzi na R hata uilazimishe vipi. Ugomvi ukaanzia hapo na karibu miaka 60 baadaye bado upo. Kuna wanaosema Mitchell alikosea tu, si alishachanganyikiwa. Kuna wanaosema ulikuwa utani wao wawili wa zamani. Kuna wanaosema ule ni ulimwengu mwingine unaofanana na ule tunaoujua kwa kila kitu isipokuwa hiyo herufi moja, na wapo waandishi wa riwaya waliolibeba hilo suala wakalitungia maelezo marefu kweli kweli. Jibu lenyewe ni fupi na halina raha: wakati ile episodi inatengenezwa hakuna aliyekuwa ameshaamua Kirk anaitwa nani katikati, ikahitajika herufi, ikawekwa herufi, watu wakaendelea na kazi.

Lakini mimi ile R hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni Tiberius, maana ukiuliza Tiberius ilitoka wapi ndo unakutana na mambo.

Ilitoka kwenye katuni. Kati ya 1973 na 1974 Star Trek ilirudi kwenye tivii kama katuni, episodi 22, na karibu waigizaji wote wa mwanzo wakaweka sauti zao wenyewe. Humo, mwaka 1974, ndo jina Tiberius likatamkwa kwa mara ya kwanza. Na ni katuni hii hii ambayo Gene Roddenberry, aliyeianzisha Star Trek, mwishoni mwa miaka ya 80 alisema isihesabike. Ikatolewa nje ya hesabu rasmi. Afu mwaka 1991 filamu ya sita ikatoka na jina likatamkwa humo, Tiberius, bila aibu wala kuomba ruhusa, na 2009 filamu nyingine ikaanza na mtoto anazaliwa na baba yake anasema hapana, Tiberius hapana, jina gani hilo. Yani jina kamili la kapteni maarufu kuliko wote kwenye sai-fai, yani hadithi za kubuni za sayansi, ya tivii limeokotwa kwenye kitu ambacho mwenye mali mwenyewe alikuwa ameshakitupa.

Hapo nina deni la kukiri. Nina jamaa yangu mmoja ambaye kabla hajaanza sirizi yoyote lazima aulize swali moja, hii inahesabika? Yani asije akapoteza muda kwa kitu ambacho mbele ya safari kitafutwa. Aliponiuliza kuhusu ile katuni nikamjibu kwa kujiamini kabisa, achana nayo hiyo, siyo kanoni, yani haimo kwenye hadithi rasmi. Akaachana nayo. Miaka kadhaa baadaye akaniuliza, sasa hii Tiberius mbona kwenye sirizi ya mwanzo sijaisikia, imetokea wapi? Nikakaa kimya.

Neno lenyewe kanoni tunalo siku nyingi, ila limekuja kwa milango miwili. Wagiriki walikuwa na neno la fimbo ya kupimia, fimbo iliyonyooka unayoweka pembeni ya kitu ili ujue kama nacho kimenyooka. Neno hilo likapita kwa Waarabu likatufikia kama kanuni, likapita tena makanisani likatufikia kama kanoni, ndo maana wenye Biblia wanajua vitabu vya deuterokanoni na kelele zake. Na aliyewahi kukaa mbele ya mwalimu akafundishwa hadithi hii ni sahihi na hii ni dhaifu na nani kapokea kutoka kwa nani, huyo hahitaji kuelezwa mashabiki wa sai-fai wanafanya nini, ataelewa haraka tu, tofauti ni kwamba hawa wanabishania paji la uso la kiumbe ambaye hayupo.

Aliyelileta neno hili kwenye hadithi za kubuni wanamtaja sana Ronald Knox, Mwingereza ambaye baadaye alikuja kuwa padre. Mwaka 1911 alizichambua hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes kama vile wasomi wa wakati huo walivyokuwa wanaichambua Biblia, na alikuwa anawatania hao wasomi, hakuwa serious. Lakini utani ukanoga watu wakaufanya kazi. Dokta Watson, rafiki wa Holmes, kwenye hadithi ya kwanza ya 1887 jeraha lake la vita liko begani, kwenye ya pili ya 1890 jeraha liko mguuni, basi zaidi ya miaka mia watu wameandika kueleza risasi moja inawezaje kupiga bega na mguu. Ila angalia, kule kwa Holmes mwandishi ni mmoja, na orodha imefungwa, riwaya 4 na hadithi fupi 56, kwisha. Unaweza kucheza na kitu kilichofungwa kwa sababu hakiongezeki.

Tivii haifungwi. Waandishi wanakuja wanaondoka, maprodusa wanafukuzwa, waigizaji wanazeeka, bajeti inapanda, na mwandishi wa mwaka wa 30 anarithi maneno yaliyoandikwa haraka haraka na mtu ambaye hata hakujua kama sirizi itafika mwaka wa pili. Star Trek ya kwanza yenyewe ilidumu misimu 3 tu, 1966 mpaka 1969. Nani pale alikuwa anawaza kwamba kila sentensi itakuja kupimwa? Sirizi nyingine ya anga kama Babylon 5 haina sana kesi hizi, na sababu iko wazi, kati ya episodi 110 J. Michael Straczynski, aliyeibuni, aliandika 92 kwa mkono wake, kalamu moja. Na hata yeye alilazimika kumbadilisha mhusika mkuu baada ya msimu wa kwanza kwa sababu muigizaji alikuwa anaumwa. Maisha yanaingia tu hata ukifunga mlango.

Sasa hoja yangu. Watu wanabishana kama vile kanoni inaamuliwa na mwenye kampuni, au aliyebuni, au kura ya mashabiki. Mimi nasema hakuna hata mmoja kati ya hao. Jambo linakuwa kanoni siku ambayo mwandishi mwingine, aliyekuja baadaye, analihitaji na analitumia. Matangazo rasmi ni makaratasi ya ofisini. Kitu kinaweza kutangazwa kinahesabika na kikafa kwa sababu hakuna aliyekigusa tena, na kitu kinaweza kufukuzwa mchana kweupe kikarudi usiku kupitia dirishani kwa sababu kuna mtu kakipenda. Tiberius alipita dirishani.

Twende kwa Waklingon, wale viumbe wa sayari nyingine waliokuwa maadui wa Kirk, maana hawa ndo kesi nzito.

Mwaka 1967 Waklingon wa kwanza walikuwa watu wa kawaida tu, wamepakwa rangi usoni, ndevu kidogo, nyusi zimechongwa, basi. Paji la uso laini kama la kwako. Mwaka 1979 ikaja filamu yenye hela na Waklingon wakatokea na matuta makubwa kwenye paji, kama uti wa mgongo umepandia kichwani. Sababu ni hela na mekapu, hakuna kingine. Hapo ungeweza kusema sawa, tuchukulie siku zote walikuwa hivyo ila zamani kamera haikuonyesha. Mimi ningekubali. Tatizo likaja 1994, Deep Space Nine, sirizi nyingine ya Star Trek, ikawarudisha Waklingon watatu wa miaka ya 60, Kor, Kang na Koloth, wahusika wale wale, waigizaji wale wale watatu wamezeeka, na sasa wote wana matuta. Mtu mmoja, mapaji mawili.

Afu 1996 wakafanya kitu ambacho mpaka leo nakiona ni moja ya dakika bora za tivii. Star Trek ilikuwa inatimiza miaka 30, wakaamua kuwarudisha watu wa Deep Space Nine kwenye wakati wa Kirk, wakawapachika kwa kompyuta ndani ya episodi ya 1967. Wamekaa kwenye meza ya baa, O'Brien, Bashir, Odo, na Worf ambaye ni Mklingon na matuta yake yote ameyaficha chini ya kitambaa. Wanaambiwa wale pale ndo Waklingon. Wanageuka, wanawaona wale watu wa mapaji laini. Halafu taratibu shingo zote zinageuka kumwangalia Worf. Worf anakiri, ni Waklingon, na ni hadithi ndefu. O'Brien anabahatisha, ni mambo ya kuchezea jeni? Bashir naye anabahatisha, au ni kirusi? Na Worf, sura imekaza kama mtu aliyeulizwa siri za ukoo mbele ya wageni, anasema sisi hayo hatuyazungumzi na watu wa nje.

Imeisha. Sentensi moja. Imekiri tatizo, imekataa kulitatua, imemfanya Worf awe Worf zaidi, na imetufanya tucheke wote tuliokuwa tunajua. Mwandishi alikuwa anawaambia mashabiki nimewaona, najua mnachobishania, na nawapenda, sasa tuendelee.

Lakini watu hawakuridhika, wakataka risiti. Mwaka 2005 sirizi ya Enterprise ikatumia episodi mbili nzima kueleza: Waklingon walijaribu kujiboresha kwa jeni za binadamu walioboreshwa, zikachanganyika na kirusi cha mafua, ugonjwa ukasambaa, matuta yakayeyuka. Yani O'Brien na Bashir wote wawili walikuwa wamepatia, wamekosa kugawana zawadi tu. Siyo episodi mbaya, naziheshimu, kuna kazi imefanyika pale. Ila mimi nikimuangalia Worf pale mezani naona siri ya ukoo, nikiangalia hizi za 2005 naona ripoti ya maabara. Na baada ya kazi yote hiyo, 2017 sirizi mpya ya Discovery ikaleta Waklingon wapya kabisa, hawana nywele, vichwa vimerefuka kwa nyuma, na ugomvi ukaanza moja. Msimu uliofuata nywele zikarudi. Sirizi iliyofuata, Strange New Worlds, ikarudisha sura za zamani za matuta. Kirusi gani kimefanya hayo hatujaambiwa na tafadhali wasituambie.

Discovery hiyo hiyo ilikuwa na kesi kubwa kuliko nywele. Meli inayoruka kutoka upande mmoja wa anga mpaka mwingine kwa dakika, miaka kumi kabla ya Kirk, na hakuna sirizi ya zamani iliyowahi kuitaja. Na Spock, msaidizi wa Kirk, ana dada wa kulea, Michael Burnham, ambaye hakuwahi kumtaja hata siku moja. Suluhisho lao mwaka 2019 likawa meli inaenda zake mbali huko mbele ya wakati, na wote waliobaki wanakatazwa kisheria kuitaja, wala jina la meli wala la watu wake, ukitaja ni uhaini. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi hapo nilicheka lakini siyo cheko la Worf, maana Worf alinyamaza kwa tabia yake na hawa wamenyamazishwa kwa amri ya ofisi.

Kuna moja napenda kuitaja kwa kifupi kwa sababu hapa adui siyo mwandishi, ni kalenda. Mwaka 1967 Star Trek ilisema kutakuwa na vita kubwa za watu walioboreshwa jeni, na mmoja wao, Khan, atatawala zaidi ya robo ya dunia kuanzia 1992 hadi 1996. Mwaka 1967 hiyo ilikuwa mbali. Afu 1996 ikafika kweli, na mwaka huo huo Voyager, sirizi nyingine tena ya Star Trek, ikarudi kwenye Los Angeles ya 1996, jua linawaka, watu wanakula maisha, hakuna vita wala Khan. Walinyamaza. Ilibidi isubiriwe mpaka 2023, Strange New Worlds ikamleta jasusi wa Romulan, maadui wengine wa anga, aliyetumwa kuja kuharibu historia ya dunia, na analalamika kabisa kwamba haya mambo yalitakiwa yatokee 1992, wasafiri wa wakati wamevuruga vuruga historia ikasogea, na yeye amekwama hapa miaka 30. Ile hasira yake niliipenda. Ni hasira ya shabiki kabisa, imewekwa mdomoni mwa adui.

Upande wa Uingereza kuna Doctor Who, sirizi ya Daktari anayesafiri kwenye wakati na akikaribia kufa anabadilika mwili na kuigizwa na mtu mwingine, imeanza tarehe 23 Novemba 1963, na huko BBC haijawahi kukaa ikatoa orodha kwamba hiki kinahesabika hiki hakihesabiki. Kwa hiyo ukitaka kujua kanoni ikiachwa bila polisi inafananaje, angalia kule. Kisiwa cha Atlantis kimeangamizwa mara tatu kwa sababu tatu tofauti, 1967, 1971 na 1972, tena mbili za mwisho zimepishana mwaka mmoja tu, na dunia haikuisha. Brigedia anayefanya kazi na Daktari, ukifuata episodi ya 1975 mambo yake yanatokea kwenye 1980 hivi, ukifuata ya 1983 alishastaafu 1976, na mwaka 2008 Daktari mwenyewe akasema alifanya kazi na watu wa Brigedia miaka ya 70, au ilikuwa ya 80? Hajui. Amekuwa kama mzee anayejaribu kukumbuka alioa lini.

Na kule ndo hoja yangu inapata ushahidi mzuri kuliko popote. Mwaka 1976 kuna episodi Daktari anapigana vita ya akili na kiumbe anaitwa Morbius, na kwenye skrini zinatokea sura zake za zamani, Daktari wa nne, wa tatu, wa pili, wa kwanza, afu sura zinaendelea! Zinatokea nyuso nane za watu tusiowajua, na kwa kweli walikuwa wafanyakazi wa sirizi wenyewe wamevalishwa nguo za kizamani, produsa yumo, mwongozaji yumo, mwandishi yumo. Waliotengeneza walikusudia kwamba hao ni Madaktari wa kabla ya yule wa kwanza. Mashabiki wakasema hapana bana, hizo zitakuwa sura za Morbius, na kwa zaidi ya miaka 40 hayo ndo yakawa makubaliano na sirizi ikaendelea kuhesabu kuanzia yule wa 1963. Mwaka 2020 Chris Chibnall, aliyekuwa anaongoza sirizi, akaja na hadithi kwamba Daktari ameishi maisha mengi sana ambayo kumbukumbu zake zilifutwa, na kwenye kumbukumbu zinazopita haraka haraka, zile nyuso za 1976 zimo. Miaka 44. Zilikuwa zimelala tu zikimsubiri mtu mwenye shida nazo.

Linganisha na 1996, filamu ya tivii iliyosema Daktari ni nusu binadamu, kwa upande wa mama. Ilitamkwa na Daktari mwenyewe, rasmi, hewani, kila shahada unayotaka inayo. Nani ameijenga tena? Watu wameizunguka, wamechezea kidogo, wamepita. Ipo na haipo. Lakini huyo huyo Daktari wa filamu hiyo, Paul McGann, baada ya hapo akawa anaigiza kwa sauti tu kwenye michezo ya kusikiliza, miaka na miaka, michezo ambayo nusu ya mashabiki walikuwa wanasema ile siyo tivii kwa hiyo haihesabiki. Mwaka 2013 akarudishwa kwenye filamu fupi ya dakika kama saba. Anajiandaa kufa, ameshika kikombe, na kabla ya kunywa anawaaga wenzake kwa majina: Charley, C'rizz, Lucie, Tamsin, Molly. Wote ni wa kwenye ile michezo ya sauti. Majina matano na ugomvi wa zaidi ya miaka kumi umefungwa, bila tangazo la kampuni. Na kilichofanya ifanye kazi ni kwamba hata mtu ambaye hajawahi kuwasikia hao watano anaelewa kinachoendelea, mtu anakaribia kufa na anawataja marafiki zake, hakuna darasa lolote linalohitajika hapo.

Halafu kuna mwandishi Paul Cornell, ambaye ukitaka kumtia kichaa mtu wa orodha unamtaja huyu. Aliandika riwaya mwaka 1995 ambapo Daktari wa saba anajigeuza binadamu, anafundisha shule Uingereza kabla ya vita kuu ya kwanza, anampenda mwanamke anaitwa Joan, afu inabidi aache vyote arudi kuwa Daktari. Mwaka 2007 Cornell huyo huyo akaandika hadithi hiyo hiyo kwa tivii, ila sasa ni Daktari wa kumi, na Joan yupo, jina lile lile. Je, imemtokea mara mbili? Kama ya tivii ndo ya kweli, ya riwaya imefutwa? Lakini bila ya riwaya ya tivii isingekuwepo. Mimi hapo huwa nafunga daftari, nazipenda zote.

Star Wars sitakaa nayo sana maana siyo mtoto wa tivii, ila tangazo la Aprili 2014 lazima litajwe. Baada ya Disney kuinunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, mwaka 2012 walisema riwaya zote na komiki za miaka yote zinahamishwa kwenye kapu linaitwa Legends, hazihesabiki tena. Watu walilia, na nawaelewa, mtu amesoma vitabu miaka 20 anaambiwa ulikuwa unaota. Humo kwenye kapu alikuwemo Thrawn, amiri mwenye ngozi ya buluu, aliyezaliwa kwenye riwaya ya 1991. Mwaka 2016 Thrawn akatokea kwenye katuni ya Rebels, 2023 akatokea kwenye sirizi ya Ahsoka, mwigizaji yule yule aliyempa sauti kwenye katuni akaja na sura kamili. Kapu halikuwa na mfuniko.

Sasa nirudi kwenye ile fimbo ya kupimia, maana shida yangu kubwa na mijadala ya kanoni ni kwamba fimbo ya kupimia huwa inageuzwa fimbo ya kuchapia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu hakuipenda hadithi ya 2020 ya Chibnall, anasema imevunja kanoni. Haijavunja, nyuso za 1976 zilikuwepo kabla yeye hajaanza kuangalia. Mimi mwenyewe siipendi, na sababu yangu haina uhusiano wowote na kanoni: Daktari niliyempenda alikuwa mtoro tu, mtu wa kawaida wa kwao aliyechoka kukaa akaiba gari bovu la kusafiria akaondoka, na uzuri wake wote ulikuwa kwamba wema wake ameuchagua. Ukimfanya chanzo cha taifa lake zima, mtu wa pekee kuliko wote, umemnyang'anya hicho. Hiyo ni hoja ya hadithi, inabidi niitetee kwa jasho langu. Nikisema imevunja kanoni nakuwa nimemuita askari aje anishindie ubishi. Na askari huyo huyo nimemuona akiitwa kwa mambo mabaya zaidi, watu hawataki Daktari mwanamke, hawataki Burnham kapteni, wanaona aibu kusema wasichokitaka, wanasema kanoni.

Lakini wale wanaojibu kwamba tulieni, ni hadithi tu, mambo ya kubuni, andika chochote, hao nao wananichosha. Siyo kweli kwamba chochote kinaenda. Mwaka huo huo 1976 Doctor Who ilisema Daktari anaweza kubadilika mwili mara 12 tu. Wakati huo ilikuwa namba ya kupitisha siku. Lakini mwaka 2013, walipohesabu na wale waliofichwa, Daktari wa kumi na moja akagundua yeye ndo wa mwisho, hana akiba, na anazeeka kwenye kijiji kimoja akikilinda miaka mamia, na mimi niliyekuwa naangalia nilijua ile namba kwa hiyo niliogopa. Ile hofu ilikuwa imewekwa benki 1976 ikatolewa na riba. Bila watu waliokariri ile namba isingekuwepo. Ndo maana siwadharau wanaokariri, wao ndo wanatunza akiba. Ninachowagombeza ni kutaka kila senti itunzwe, mpaka ile R, kana kwamba bega la Watson na kifo cha Watson vina uzito sawa.

Mimi kipimo changu ni hiki, na najua siyo cha kisayansi: kama ukilibadilisha jambo mhusika anakuwa hajalipa alicholipa, hapo kelele zipigwe, nami nitapiga. Mtu alikufa na tulimlilia, usimrudishe useme hakufa. Ila ukibadilisha paji, tarehe, idadi ya ngazi kwenye meli, rangi ya sare, mimi nipo kwa Worf, hayo hatuyazungumzi na watu wa nje.

Yule jamaa yangu nilimuomba msamaha. Nikamwambia ile katuni iangalie bana, ile ya Spock mtoto anaenda jangwani peke yake na mnyama wake wa kufugwa, aliyoiandika D.C. Fontana, anza na hiyo. Nikamwambia pia kuna episodi ya 1974 wana chumba cha kujengea dunia za uongo ndani ya meli, miaka 13 kabla ya sirizi ya 1987 ambayo wote tulidhani ndo imekibuni. Ameshafika episodi ya 9. Juzi kaniandikia swali, nikajua kabisa linakuja lile lile lake la kila siku, nikafungua huku nimeshaanza kuandaa jibu. Alikuwa anauliza kama sauti ya Kirk ni ya Shatner mwenyewe, yule muigizaji wa Kirk wa mwanzo, au wameigiza.

Ni ya mwenyewe.